Bomba Lililolia Gasorwe

Mtu akikupigia simu asubuhi na kukuuliza kama bado unalitaka lile bomba la tanuri la bibi yako, au aliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, utamjibu nini? Mimi nilijibu kabla sijafikiri. Nilimwambia asiliguse, nakuja. Nikafunga kibanda changu cha mikate hapa Gitega, nikapanda taksi ya Muyinga, na kutoka Muyinga mjini nikaendelea mpaka Gasorwe, kwenye kilima ambacho sikuwa nimekikanyaga tangu nilipoolewa.

Aliyenipigia ni jamaa yetu aliyeachiwa shamba. Ni mtu mwema, hana kosa lolote katika haya. Pale palipokuwa na jiko la nje la bibi sasa amejenga zizi la mbuzi. Tanuri lenyewe, ambalo lilifinyangwa kwa udongo wa kichuguu, limerudi kuwa kichuguu. Bomba lilikuwa limelala kwenye nyasi, vipande vyake viwili bado vimeshikana. Mjusi alitoka ndani, akanitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni asiye na adabu, kisha akaenda zake. Niliinama nikapitisha kidole pale kwenye kiungo. Michirizi myeusi ilikuwa ingali pale, imekauka, inashuka kutoka kwenye kiungo kuelekea chini. Nakwambia kweli, rafiki yangu, niliogopa. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, naogopa bomba.

Wakati wa kurudi tulilifunga juu ya paa la taksi. Abiria mwenzangu akaniuliza kama ule ni mzinga wa nyuki wa kisasa. Nikamwambia ndiyo. Akanipongeza, akaniuliza asali naiuza wapi, nami nikamtajia soko. Usinishangae. Kusema uongo mdogo kunanijia upesi, nao mmoja niliousema nikiwa na miaka tisa ndio ulionipeleka Gasorwe siku ile.

Tulikuwa watu wa kurudi, sisi. Bibi yangu na wanawe wawili, mama yangu na mjomba wangu, waliishi Tanzania miaka mingi, na wanawe walikulia huko, na waliporudi Burundi majirani wa kilimani walitujua kwa Kiswahili chetu kabla hawajatujua kwa sura. Mama aliolewa Ryansoro, huku mkoani Gitega, akanizaa mimi na wengine. Nilipotimiza miaka sita nikapelekwa Gasorwe kukaa na bibi, ili asiwe mwanamke wa kuishi na mwana wa kiume peke yake bila mtu wa kumchotea maji. Hivyo ndivyo ilivyosemwa. Mimi nadhani nilipelekwa kwa sababu nilikuwa nakula sana.

Kama ni kwa kula, nilifika penyewe. Bibi alikuwa na ujuzi mmoja aliorudi nao kutoka Tanzania: kuoka mikate. Alikanda unga kwenye beseni la bluu lililopasuka ukingoni, akauchachusha kwa machicha ya pombe ya ndizi, na harufu ile, chachu kidogo, tamu kidogo, ndiyo iliyoniamsha kila siku kabla ya jogoo. Mjomba ndiye aliyejenga tanuri. Alimwaga chumvi na vigae vya chupa chini ya sakafu yake ili lishike joto, akafinyanga kuba la udongo, akalifungia mlango uliotengenezwa kwa kifuniko cha pipa. Mlango huo ulimuunguza kifundo cha mkono wa kulia wiki ya kwanza, ukamwachia kovu lenye umbo la mwezi mchanga. Alikuwa akinionyesha na kusema kwamba hiyo ndiyo saa yake, na kwamba saa hiyo haitaki betri.

Tanuri lilikuwa chini ya kibanda cha nyasi, kwa sababu mvua za Muyinga hazina mzaha. Hapo ndipo shida ilipoanza. Bomba la kwanza la moshi mjomba alilitengeneza kwa makopo ya mafuta ya kupikia, ameyatoboa na kuyaunganisha moja juu ya jingine. Moto ulipokolea, makopo yakawa mekundu, na siku ya tatu nyasi za kibanda zikashika moto. Tulizima kwa maji ya kufulia. Bibi alikaa chini kwenye matope, akasema kwa utulivu kwamba amekwisha kimbia moto mara nyingi maishani, na hatakubali kuwasha wa kwake mwenyewe.

Mikate yetu mingi iliuzwa kwenye duka moja la Muyinga mjini. Mwenye duka alikuwa Mwislamu ambaye mababu zake walitoka Bara Hindi, mzee mpole mwenye kofia ya kufuma, na nyuma ya duka lake baba yake aliwahi kuwa na tanuri kubwa la mikate, ambalo lilikwisha kufungwa zamani. Mjomba alipomweleza habari ya nyasi kuungua, mzee yule alimpeleka uani, akamwonyesha bomba lililoegemea ukuta. Halikuwa bomba la kawaida. Lilikuwa na ngozi mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati pameshindiliwa pamba ya mawe, ili moto ubaki ndani na nje pasiungue kitu. Chukua, alisema, hapa linafuga mijusi tu.

Mjomba alilileta kwa baiskeli, vipande viwili vimefungwa kwenye kiti cha nyuma, akilisukuma kwenye kila mpando, na watoto wa kilima kizima tukimfuata. Alipoanza kulifunga, alipanda juu ya kinu kilichogeuzwa. Bibi akampigia ukelele mpaka mbuzi wa jirani wakasimama. Kinu hakikanyagwi! Mjomba akashuka akicheka, akatafuta kreti ya bia.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu kila kitu kimelala hapa. Bomba la namna ile lina mdomo mpana upande mmoja na shingo nyembamba upande wa pili. Unaamua: mdomo uangalie juu, au uangalie chini? Mjomba hakufikiri mara mbili. Alikuwa mwezekaji. Tangu utoto wake mkono wake ulijua jambo moja tu, kwamba la juu hulifunika la chini, iwe nyasi, iwe vigae, iwe bati, ili mvua iteleze isiingie. Kwa hiyo akageuza mdomo chini, akalivisha la juu juu ya la chini, akakaza mkanda wa chuma, akaziba kwa udongo, akasema, "Nimeezeka nyumba ngapi mimi? Hapa halitaingia tone."

Na kweli halikuingia. Akawasha moto mkubwa, moshi ukapanda wima juu ya migomba, na tanuri likaanza kunguruma. Kisha akafanya kitu ambacho nakiona hata nikifumba macho: akaweka shavu lake juu ya bomba. Moto unalia ndani, naye ameegemeza shavu nje, anatabasamu. Bibi akasogea akaweka kiganja. Lilikuwa vuguvugu tu. Nami nikainuliwa, nikaweka sikio. Ndani mlikuwa na sauti nzito, kama mtu anayeimba huku amefunga mdomo.

Siku chache baadaye bomba likaanza kulia. Tulichoma mikaratusi, na mara nyingi ilikuwa mibichi, kwa sababu maskini hangoji kuni zikauke. Moshi wa kuni mbichi una maji, na ukipoa kule juu unageuka utomvu mweusi unaoteleza kurudi chini. Pale kwenye kiungo, kwa vile kilikuwa kimegeuzwa, utomvu ulipata njia ya kutoka. Ukashuka juu ya chuma kinachong'aa, mchirizi mmoja kulia na mmoja kushoto. Jirani yetu, mwanamke aliyejua kila kitu cha kila mtu, alisimama akatazama, akasema kwamba kitu kinacholia pasipo na msiba kinauita. Bibi alimfukuza kwa mwiko. Lakini mimi nilikwisha kusikia, na neno likikuingia utotoni halitoki.

Kazi yangu ikawa kulifuta. Kila asubuhi kabla wateja hawajafika, nachukua majivu na nyuzi za mgomba, napanda kreti, nasugua mpaka lirudi kung'aa. Nilichukia kazi ile. Mikono yangu ilinuka moshi hata kanisani.

Mwenye duka ndiye aliyegundua kosa. Alikuja Gasorwe kuagiza mikate ya Ramadhani, akaliona bomba, akashika kiuno akacheka.

"We fundi, uliligeuza! Mvua ya nyumba inatoka nje, lakini mvua ya bomba iko inatoka ndani. Mdomo iangalie juu, inywe machozi yake yenyewe."

Mjomba alicheka hata kumshinda. Hakuwa mtu wa kuona aibu. Alisema ataligeuza, lakini si sasa, kwa maana keshokutwa anakwenda Kobero, mpakani, kubeba mizigo ya malori wiki chache ili tupate unga wa kutosha kwa maagizo yale. Akirudi ataligeuza.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amevaa shati la kijani, amebeba kifurushi cha mikate minne. Aliniambia, "Wewe endelea kulifuta machozi. Nikirudi nitakustaafisha." Sikujua kustaafu ni nini. Nilidhani ni zawadi.

Hakurudi. Wiki zikawa mwezi, Ramadhani ikaja ikapita, mvua zikaisha. Bibi alituma watu Kobero, wakarudi wakisema wapo waliomwona akivuka na malori upande wa Kabanga, ng'ambo ya Tanzania, na wapo wasiomkumbuka kabisa. Fundi mmoja wa kilimani alijitolea kuligeuza bomba bure, maana lilikuwa linachafua kibanda chote. Bibi alimwambia asante, kaa unywe maji, bomba usiliguse. Kazi ya mtu aliye njiani haimaliziwi na mwingine, alisema, ukiimalizia unamwambia asirudi. Sijui kama ni methali ya mahali popote. Ilikuwa yake.

Ndipo bomba likawa mtu wa nyumba ile. Alasiri za manyunyu, moto ukiwa umetulia na mikate imo ndani, bibi alikaa juu ya kreti, akaliegemeza mgongo wake uliokuwa ukimuuma, akazungumza. Hakuzungumza na mimi. Alisimulia habari za shamba, bei ya unga, nani amezaa. Alinyamaza kidogo kama anayengoja jibu, na upepo ukipita juu ya bomba lilijibu. Nami niliketi kwenye kuni nikimenya maharage, nywele zimenisimama, nikitamani na kuogopa kusikia jina langu.

Mwaka ulipotimia, wazee wa ukoo walikuja. Kwetu mtu akifa, wafiwa huishi ndani ya msiba mpaka siku ya kuganduka, siku ile wanapokusanyika, wakanywa pombe ya mtama, wakamsema marehemu kwa mema yake, na kuruhusiwa kurudi katika maisha. Pasipo siku hiyo, marehemu hajaagwa na walio hai hawajafunguliwa. Wazee walisema mtoto huyu amepotea, tumfanyie. Bibi aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Nani ameniletea habari ya kifo chake? Mtu haombolezwi kwa kukisia." Waliondoka, na mimi nilipanda kreti nikafuta bomba.

Miezi michache baadaye bibi alinichukua twende Kobero kununua unga. Sijawahi kuona mahali penye kelele kama pale: malori yamepangana mpaka mbali, wapagazi wanakimbia na mizigo mabegani, wabadilishaji fedha wamekaa na vibunda mikononi wakiita wateja kwa lugha nne. Bibi aliniacha nilinde gunia la kwanza la unga, akaingia tena kwa wauza unga. Mbadilishaji mmoja alikuwa ananitazama. Alikuja akachuchumaa mbele yangu. Alinuka tumbaku.

"We mtoto, we ni wa kwa ule mama wa mikate, wa Gasorwe?"

Nikaitikia.

"Mi nilimujua mutoto wake. Ule wa alama ya moto hapa," akagusa kifundo cha mkono wake wa kulia. "Bon. Lori ilimugonga huko ng'ambo, tangu mwaka uliopita. Walishamuzika. Mi siwezi kumuambia mama njiani, habari ya msiba haisemwi njiani. We utamuambia pole pole, mukifika nyumbani."

Akainuka, akaenda kumhudumia mteja. Ndivyo ilivyokuwa. Mtu mzima alitua mzigo wake juu ya kichwa cha mtoto wa miaka tisa, akaendelea na kazi. Kwa miaka mingi nilimlaani. Siku hizi simlaani sana, kwa sababu naye aliogopa, na mwoga hamcheki mwoga.

Njia nzima sikusema neno. Nilikuwa natii: haisemwi njiani. Nilipanga niseme tukifika, tukishakaa, bibi akishakunywa maji. Tulifika. Alikaa. Alikunywa maji. Akanigeukia yeye kwanza, uso wake umechangamka kuliko nilivyowahi kuuona mwaka mzima, akaniuliza, "Nilikuona ukizungumza na yule mtu wa fedha. Alikuwa anakwambia nini?"

Nilitazama bomba. Lilikuwa limelia kwa moto wa jana, na asubuhi sikuwepo kulifuta.

"Amesema amemwona marume," nikasema. Marume ndivyo Warundi wanavyomwita kaka wa mama, nami nilimwita hivyo. "Yuko ng'ambo. Anafanya kazi. Anakusalimu. Atakuja."

Bibi hakupiga vigelegele. Alisimama, akaenda kwenye tanuri lililokuwa baridi, akaliegemea bomba kwa paji la uso, akabaki hapo muda mrefu. Aliporudi akaanza kukanda unga, wakati haikuwa siku ya kuoka. Tangu siku hiyo, kila alipooka, aliongeza mkate mmoja mkubwa kuliko mingine, akautenga juu ya rafu na kuufunika kwa kitambaa. Mkate wa marume. Asubuhi ya pili, kwa vile mwenyewe hajafika na mkate haustahili kutupwa, alinipa mimi.

Nilikula mkate wa marehemu kwa miaka sita. Nikwambie ulikuwaje? Ulikuwa mtamu. Hapo ndipo penye adhabu yenyewe, kwamba ulikuwa mtamu na mimi nilikuwa na njaa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawakuipita yangu.

Nilijaribu kusema, zaidi ya mara moja. Nilikuwa nafungua mdomo, na bibi ananiuliza, hivi alisema shati alilovaa lilikuwa la kijani bado? Nami nasema la kijani. Uongo ni kama chachu ya bibi: kidogo tu, ukauacha usiku kucha, asubuhi umejaza beseni.

Bibi alifariki nikiwa na miaka kumi na tano, kwa homa, katika msimu wa kuvuna maharage. Siku mbili kabla alitaka kujua kama kuni zimeanikwa, kwa sababu mjomba akija na kukuta bomba limechafuka kiasi kile atamcheka. Mwaka ulipotimia tukafanya kuganduka kwake, watu wengi, pombe nzuri. Hapo mzee wa ukoo akasimama akasema tungeunganisha, mama na mwanawe, tuwaage pamoja. Mama yangu akakataa kwa heshima. Alisema, "Mama yetu alikufa akijua kaka yangu yuko hai. Na aliyeleta salamu zake ni huyu binti hapa." Watu wote wakanigeukia.

Nikainamisha kichwa. Watu walidhani ni adabu.

Ule wa miaka tisa nimejisamehe, au karibu. Huo wa pili, wa kunyamaza nikiwa na akili zangu timamu mbele ya ukoo mzima, ndio unaoniamsha.

Haya, turudi Gitega. Tanuri langu nimelijenga uani, kwa udongo na matofali, nami nina kibanda cha nyasi kama cha bibi kwa sababu bati linanipigia kelele. Niliita fundi, kijana mcheshi mwenye penseli sikioni. Tuliliosha bomba, tukakagua pamba ya mawe, ilikuwa nzima isipokuwa ukingoni palipolowa, tukakata pale na kupaziba. Kisha akalisimamisha, akaniangalia.

"Madamu, juu ni wapi? Mi naona hii kubwa iangalie chini, ifunike ile ingine. Kama bati."

Nilipitisha kidole kwenye kiungo. Halafu nikamwambia hapana, mdomo uangalie juu. Akalifunga vizuri, mkanda mpya, udongo mpya. Tukawasha. Moshi ukapanda. Kwa siku tatu nilichoma kuni, nyingine mbichi kwa makusudi, nikasimama mbele yake nikingoja. Halikutoa tone. Lilikuwa safi kama la dukani. Sijui kwa nini nililia mimi.

Siku ya nne mama alikuja kutoka Ryansoro na kapu la maharage, kuona tanuri alilosikia habari zake. Amezeeka, anafanana na bibi mpaka naogopa kumwangalia kwa nyuma. Alivua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye bomba, akaligusa kwa mgongo wa kiganja.

"Halilii," alisema.

"Tumeligeuza, mama."

"Nani kakwambia uligeuze? Mwenye kazi hajarudi."

Alikuwa anatania, au nusu anatania. Nami nikaona kwamba nikicheka sasa, nitacheka mpaka nizikwe na uongo ule. Nikamketisha kwenye kiti. Nikampa maji. Alipokwisha kunywa, nikamwambia. Kobero, gunia, mtu wa tumbaku, kovu, lori, na nilichosema nyumbani. Mkate pia. Nilimwambia yote bila kupamba, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

Mama hakunipiga, wala hakupiga kelele. Alitazama vidole vyake. Kisha akauliza, "Alikwambia kazikwa wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo wapi?"

"Sikuuliza, mama. Niliona nikiuliza itakuwa kweli."

Nimeulizwa maswali mengi maishani, lakini hilo ndilo lililonivunja, kwa sababu jibu lake lilikuwa mkononi mwangu kwa dakika moja, nikiwa nimekaa juu ya gunia la unga, na niliiacha dakika ile ipite. Mbadilishaji yule sijui jina lake. Labda naye amekufa. Kaka wa mama yangu amelala mahali fulani, na njia pekee ya kumfikia ilikuwa mimi.

Tulikaa. Watoto wangu walikuwa wakicheza nyuma ya nyumba. Mama akasema, "Ule mkate. Ulikuwa unakula wewe?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wote, mama."

"Afadhali wewe kuliko panya," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, na akicheka, na akiniegemea begani. Alilia kama watu wanavyolia siku ya kwanza ya msiba, kwa sauti, bila kujali majirani. Ilikuwa siku yake ya kwanza kweli. Kaka yake alikuwa amefariki uani kwangu, alasiri ile.

Alipojifuta akanyoosha mkono, akaonyesha bomba. "Ligeuze. Liwe alivyoliacha. Hatujamlilia mtu yule hata siku moja. Acha lilie. Mtama ukivunwa tutakwenda Gasorwe tukamgandukie pamoja na mama yake, na kabla ya hapo wewe na mimi tutakwenda Kobero tukaulize wazee. Tukishamaliza, hapo utaligeuza lisilie tena."

Nikamwita fundi. Alifika, akasikia ninachotaka, akatoa penseli sikioni akairudisha.

"Lakini madamu, vraiment, juzi ulisema vile, leo hivi. Itavuja. Donc tulifanya bure?"

"Fanya, mwanangu," mama akamwambia. "Ni msiba."

Kijana akavua kofia, akasema poleni, akachukua spana. Hakuuliza tena.

Najua vingi vya zamani havipo. Beseni la bluu halipo, kreti haipo, duka la Muyinga lina mwenyewe mwingine anayeuza simu, na chachu ya machicha ya ndizi hata mimi mwenyewe siitumii, natumia ya paketi. Hakuna tena kilimani mtu wa kutujua kwa Kiswahili chetu. Mwanamke aliyeegemea bomba akiongea na mwanawe hayupo, na mwanawe hakuwepo hata wakati ule.

Jana mvua ilinyesha mchana kutwa. Nilichoma mikaratusi mibichi, mama akiwa ameketi karibu yangu, shali imemfunika mabega. Tanuri likanguruma. Niliweka sikio juu ya bomba, kwa mara ya kwanza tangu utoto, na sauti ilikuwa ile ile. Kisha pale kwenye kiungo pakatoka tone, jeusi, likang'aa kidogo, likaanza kushuka. Mkono wangu ulikwisha kuinama kwenye majivu, na nyuzi za mgomba zimo kiganjani, kabla sijajua ninafanya nini.

Sikulifuta.